Tunaomba kwa sauti ya jukwaani: nani bado anamwambia Mungu ukweli wake?

KondooWa99 (mleta uzi)

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, shalom. Kila mmoja achukue salamu ya kwao.

Nina jambo nataka tulijadili bila kurushiana mawe ya madhehebu. Nenda ibada yoyote ya katikati ya wiki, iite jumuiya, seli, mtaa au nyumba kwa nyumba. Kiongozi anauliza nani ana ushuhuda. Anasimama wa kwanza: "Bwana Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu kwa pumzi, nimeokoka, nampenda Yesu, neema yake yanitosha, mzidi kuniombea nisonge mbele." Anakaa. Anasimama wa pili, maneno ni yale yale, labda kaongeza "na adui ameshindwa". Mnazunguka sebule nzima namna hiyo. Mkitoka, wakati watu wanatafuta viatu mlangoni, ndipo unanong'onezwa kwamba wa kwanza mumewe kahama nyumba, na wa pili mkopo wa kikoba umembana mpaka anazima simu. Ndani wote walikuwa na neema ya kutosha.

Maombi nayo yana sauti yake. Mtu unayemjua anaongea taratibu, akiambiwa "tuongoze kwa sala" anabadilika koo. "Baba" inaingia kila baada ya maneno matatu. Na wapo wanaopitisha matangazo humo humo: "Bwana, unawajua walioahidi mifuko ya saruji tangu mwaka jana, waguse." Hapo anayeongeleshwa si Mungu, ni sisi wa benchi la nyuma. (Nimeshalipa, msianze.)

Sasa fungua Zaburi. Ziko 150, na karibu theluthi yake ni vilio na malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza moja kwa moja: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hakuna utangulizi wala kupamba. Halafu kuna ya 88, hiyo ndiyo kiboko. Zaburi nyingi za maombolezo zikifika mwishoni hugeuka, mwandishi anapata nguvu anasifu. Ya 88 haigeuki. Inamlilia Mungu mchana na usiku, inamwambia usoni kwamba yeye ndiye aliyemtenga mwandishi na rafiki zake, na inaishia gizani. Waliokusanya kitabu wangeweza kuongeza mstari mmoja wa faraja. Hawakuongeza. Na kichwa chake kinasema ni ya wana wa Kora, yaani waimbaji wa hekaluni, kwa hiyo iliimbwa mbele ya watu. Leo mtu akisimama kwenye maombi ya mkesha akaomba hivyo, nawahakikishia atawekewa mikono atolewe roho ya kukata tamaa.

Tumejifungia mlango ambao Maandiko yameuacha wazi. Nataka kujua kwenu hali ikoje, na kama kuna mliowahi kuona ushirika ambao watu wanasema kweli.

Nawasilisha.

Chumvi ya Pwani

Uzi wa moto huu. Navuta kigoda, nikirudi nikute nondo zimeshushwa.

MotoMadhabahuni

Mkuu KondooWa99, nakuheshimu ila hapa nakupinga waziwazi.

Mithali 18:21 inasema mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Unataka watu wakusanyike wakiri ugonjwa, wakiri madeni, wakiri ndoa kuvunjika, kisha watoke hapo na nini? Imani ina lugha yake. Warumi 4:17 inamtaja Mungu ayatajaye yale yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Sisi ni watoto wake, tunaongea kama Baba. Huyo dada aliyesema "neema yanitosha" wakati mumewe kaondoka hakuwa mnafiki, alikuwa vitani. Wewe umeona maigizo, mimi nimeona imani.

Na hizo Zaburi ni za agano la kale, watu hawakuwa na Roho kama sisi.

Fundi Kinanda

MotoMadhabahuni, kaka, hiyo Warumi 4 usiishie mstari wa 17. Shuka hadi wa 19. Ibrahimu anasifiwa kwamba hakuwa dhaifu wa imani, halafu inasemwa alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, na tumbo la Sara vilevile. Aliuangalia uzee wake kweli kweli, hakujidanganya kwamba ni kijana, na bado akaamini. Fundisho la kukanusha kinachoonekana halitoki hapo. Mafundisho ya "kiri utapata" tumeyapokea karne iliyopita kutoka Marekani, kwa akina E. W. Kenyon na baadaye Kenneth Hagin, yakaja kwa vitabu vidogo, kaseti na mikutano. Yana faida zake, yamewafundisha watu wengi kusoma Neno kwa kutarajia. Ila yasipewe umri wa mitume.

Kuhusu agano la kale: aliyesema "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa" ni nani? Mathayo 26:38. Aliwaambia wanafunzi watatu, kwa mdomo wake, usiku wa kukamatwa. Kesho yake mchana msalabani akapaza sauti kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kama kukiri maumivu ni kumfungulia shetani mlango, basi tuna kazi ya kumrekebisha Bwana mwenyewe.

Nshomile wa Ngara

Habari zenu wapendwa. Mleta uzi ameuliza kama kuna ushirika ambao watu walisema kweli. Upo, na ulitokea hapa hapa kwetu. Vijana wengi mnaitikia "Tukutendereza", ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, bila kujua ilikotoka, kwa hiyo nivumilieni niandike kwa kirefu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Uamsho, ile harakati ya toba ya Afrika Mashariki iliyoanzia Gahini. Gahini iko upande wa mashariki wa Rwanda, kulikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika mwaka 1928, akakutana na njaa kubwa iliyoua watu wengi. Septemba 1929 akaenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho, na pale Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja na Biblia siku mbili. Mzungu na Mwafrika, miaka ile ya ukoloni, wanaambiana kwamba wote wawili wamepungukiwa. Msione ni jambo dogo.

Kutoka hapo moto haukuwaka siku moja. Pale hospitalini kulikuwa na kinyongo kati ya wafanyakazi na daktari. Mkuu wa wahudumu, Yosiya Kinuka, alikuwa na malalamiko yake mengi. Akaenda kumwona Nsibambi, akarudi mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa mwalimu Gahini, mhubiri mkali ajabu. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kikawasha wengi kuliko uhai wake. Baada ya hapo Uamsho ukaenda Uganda, Burundi, Kenya, na huku kwetu Ngara, Karagwe na Bukoba. Askofu Josiah Kibira, yule aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia 1977 hadi 1984, ni tunda la udongo huo.

Nguzo yao ilikuwa 1 Yohana 1:7, "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Wao waliichukua kama ilivyoandikwa. Mtu aliyeiba dawa za hospitali alirudisha. Aliyekwepa kodi alienda kwa karani akasema. Wamisionari, hao wazungu wenyewe, walisimama mbele ya Waafrika wakaomba msamaha kwa kiburi na dharau. Bibi alikuwa akisema kinachomshangaza hata uzeeni si kwamba watu waliungama, ni kwamba hakuna aliyejua nani ataanza.

Lakini uzuri huo ulikuwa na gharama. Wazee wa koo waliwaona watu hawa hawana adabu kabisa. Mtu anasimama mbele ya wakwe anataja uzinzi wake, na wa nani. Mke anasema mambo ya uganga wa nyumba yao mbele ya majirani. Kwa mila zetu za ziwa magharibi hiyo ni aibu inayovunja ukoo, na ilivunja kweli baadhi. Kanisa nalo lilihangaika nao: mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, kwa sababu hawakutaka kuacha kuamka usiku wa manane kuomba na kuhubiria wenzao toba.

Na tatizo la mwisho ndilo linalorudi kwenye mada. Baada ya miaka, kuungama kukawa na muundo. Ukaja msamiati wake. Mtu akiungama kwa maneno mengine anaonekana "hajavunjika". Miaka ya 1960 huko Uganda wakagawanyika juu ya nani ameamka na nani amelala tena. Yule ndugu wa kwanza kwenye sebule ya KondooWa99, anayesema "nimeokoka, nampenda Yesu, neema yanitosha", anatumia maneno ya babu zetu wa Uamsho. Wao walipoyasema kwa mara ya kwanza yalikuwa yanachoma. Mkuu, ushuhuda wa kukariri ndio makaa yaliyobaki ya moto ule.

Wa Kiambu

Nshomile, asante sana, umenigusa. Sisi huku Kenya tunawaita Ndugu au Wandugu. Timu ya Uamsho ilifika Kabete 1937, na ilipofika miaka ya Mau Mau hawa watu wakajipata katikati. Walikataa kula kiapo kwa sababu walishasema damu ya Yesu imewatosha. Lakini pia wengi wao wakakataa kubeba bunduki za serikali. Kwa hivyo walipigwa kutoka pande zote mbili, na kuna waliouawa. Ukweli uliozoewa kwenye ushirika ndio uliwapa ujasiri wa kusema la kwa kila upande.

Lakini nikubali, nyumbani kwetu ushirika wa Ndugu siku hizi ni wazee tu. Vijana walichoka kuulizwa "uko nuruni?" kama swali la polisi. Shosho akishika nafasi ya kushuhudia, nusu saa, na dhambi ni ile ile ya kukasirikia ng'ombe mwaka fulani.

Thomaso Pacha

Mimi siamini, napita tu. Swali la mtu wa nje: kama Mungu wenu anajua yote, kumwambia ukweli kuna faida gani? Hajui?

KondooWa99

Karibu Thomaso, swali zuri kuliko unavyodhani. Mathayo 6:8 inasema yenyewe kwamba Baba anajua mnayohitaji kabla hamjamwomba. Kwa hiyo maombi si kumpa taarifa. Na kama si taarifa, basi hotuba zetu ndefu zinamfahamisha nani? Mstari wa nyuma yake kidogo Yesu anakataza kupayuka-payuka na kudhani utasikiwa kwa wingi wa maneno. Kwangu mimi anayebadilika nikisema kweli ni mimi. Nikiomba "Bwana nibariki na jirani yangu" huku namchukia, naweza kuendelea hivyo miaka kumi. Nikisema "namchukia jirani yangu, na sitaki kuacha", nimeshindwa kulala na hilo neno mdomoni.

Sikuahidi kwamba nitakushawishi.

Katekista Mstaafu

Amani kwenu. Nimesoma yote, na mama Nshomile (au ni baba, unisamehe) amefanya kazi kubwa. Naomba kuongeza upande wa Wakatoliki, maana kila mara tunaambiwa tunajificha kwenye kibanda cha padri.

Kanisa la kale lilikuwa na toba ya hadharani. Mtu aliyeua, aliyezini au aliyemkana Kristo wakati wa mateso alitengwa na meza, akavaa magunia, akakaa mlangoni pengine kwa miaka. Iliwatisha watu kiasi kwamba wengi waliahirisha ubatizo hadi kitandani mwa kifo. Halafu ikazuka desturi katika sehemu za Italia: dhambi za mtu zinaandikwa, zinasomwa mbele ya watu wote. Mwaka 459 Papa Leo Mkuu aliwaandikia maaskofu wa huko akawakataza kabisa. Hoja yake ilikuwa ya kichungaji: inatosha mtu kuungama kwa makuhani, maana wapo watakaoikimbia toba kwa aibu, au kwa hofu kwamba adui zao watazitumia dhambi hizo kuwapeleka mbele ya sheria. Karne ya tano hiyo! Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukaagiza kila muumini aungame walau mara moja kwa mwaka, na katika amri hiyo hiyo ukaweka adhabu kwa padri atakayetoa siri. Leo ni kanuni ya 983: siri ya kitubio haivunjwi kwa neno wala kwa ishara wala kwa sababu yoyote.

Kwa hiyo kile kibanda kilijengwa ili watu waseme kweli. Mtu hasemi kweli mahali ambapo kesho itarudi kumuuma.

Pia tusisahau kwenye Misa tunasema kwa pamoja, "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu". Nanyi ndugu zangu. Jirani anasikia kwamba mimi ni mkosefu, hasikii orodha. Nimefundisha wakomunyo wa kwanza muda mrefu, na watoto huwa wanaelewa hili kuliko wazazi wao. Mtoto akija na dhambi aliyoandikiwa na rafiki yake, unamjua tu, anasoma haraka.

Mama Upendo

Shikamoo Katekista. Hapo kwa "kesho itarudi kumuuma" ndipo nilipo.

Kwenye kanisa nililokuwa nasali tuliambiwa tuwe wawazi, tusibebe mizigo peke yetu. Nikasema kwenye kikundi cha akina mama, kwa machozi, kwamba mwanangu wa kwanza ametumbukia kwenye dawa za kulevya. Kiongozi akanikumbatia. Jioni hiyo hiyo kwenye grupu la WhatsApp la usharika ukaja ujumbe: "Wapendwa tumwombee mama mmoja wa kikundi chetu, mwanawe amefungwa na unga, anauza vitu vya nyumbani." Jina halikutajwa, ila tuko kina mama wangapi wenye mtoto wa umri huo? Watu wakaweka mikono ya maombi na moto, mistari na mistari. Mmoja akauliza, "ni mama fulani?" Asubuhi muuza genge ananiuliza hali ya mtoto.

Kijana aliposikia hakurudi nyumbani wiki nzima. Yeye ndiye aliyeumia, wala dhambi haikuwa yangu ya kutangaza, ilikuwa yake. Hilo kiongozi wangu hakulielewa mpaka leo.

Tangu hapo nikiulizwa haja zangu nasema "familia". Msiniite mnafiki. Mungu mimi namwambia yote, usiku, bila kupanga maneno, mara nyingine nagombana naye kabisa. Hana wa Samweli alipomimina moyo wake, midomo ilikuwa inacheza tu, sauti haikusikika, hadi kuhani akadhani amelewa. Ile ndiyo sala yangu. Na angalieni, hata Eli hakuambiwa kisa chote. Aliambiwa ni mwanamke mwenye huzuni, ikatosha, akambariki.

Chumvi ya Pwani

Nimerudi. Mama Upendo pole sana. Huo ujumbe wa grupu ni umbea mtupu, ila umefungwa kwa "amina".

Abu Swafiya

Mimi Muislamu, nimeufuata uzi kimya kimya. Kwetu riya, yaani kujionyesha, kwenye ibada ni jambo linaloogopwa sana, na kuficha aibu ya mwenzako ni amri si hiari. Hata mtu akikosa usiku na Mungu akamsitiri, anakatazwa kuamka asubuhi aanze kujitangaza. Nawaachia mwendelee, mjadala wa heshima huu.

MotoMadhabahuni

Nimesoma yote, sijakimbia. Fundi Kinanda, mstari wa 19 nimeenda kuusoma tena, na ni kweli niliurukia.

Bado nasimama kwamba ulimi una nguvu. Nimeona watu wanaolalamika mwaka mzima, kila Alhamisi wanaleta jeraha lile lile, wamelipenda. Uwazi nao unaweza kuwa jukwaa. Mtu analia vizuri, anasifiwa kwa kuvunjika, wiki ijayo anatafuta la kulilia. Hilo mbona hamlisemi?

Ila ngoja niseme hili. Mzee wangu aliugua figo. Kanisani tulikiri amepona, na yeye mwenyewe akakiri, mbele yetu. Siku za mwisho alikuwa anamwita muuguzi wa zamu, binti ambaye hata kanisani haendi, anamwambia "naogopa". Alimwambia yeye, sisi watoto hakutuambia. Tulijua baada ya mazishi, binti alipokuja kutoa pole. Mimi ndiye nilikuwa nikimwongoza kwenye maombi kila jioni. Kwa hiyo baba alikuwa na la kusema na hakupata pa kulisemea mbele yangu.

Sijabadilisha imani yangu. Nimeleta tu.

Fundi Kinanda

Pole sana kaka. Sina la kuongeza hapo.

Kuhusu uwazi kuwa jukwaa uko sahihi kabisa, na ndiyo sababu mimi Mlutheri naithamini sala iliyoandikwa, ambayo watu huidharau kwamba ni "ya kusoma". Siku nina huzuni, liturujia inanipa maneno bila kunidai machozi. Siku nina furaha, inanilazimisha kuungama hata nisipojisikia. Haiwezi kujisifu kwa niaba yangu. Mfarisayo wa Luka 18 alikuwa mkweli vilevile, kumbukeni: alifunga mara mbili kwa juma kweli, alitoa zaka kweli. Kila alichosema kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kwamba hakuomba chochote. Sala yake haina ombi hata moja, isome uhakikishe. Mtoza ushuru ana ombi moja tu fupi, na hakutaja hata dhambi moja kwa jina.

Nshomile wa Ngara

Katekista, ni mama, usijali.

Mama Upendo, kisa chako kimenikumbusha jambo ambalo sikuliandika mwanzo. Bibi na wenzake walikuwa na ushirika mkubwa wa wote, na pembeni wakikutana wachache, watatu wanne, wanaoaminiana miaka. Mambo mazito yalianzia kwa wale wachache. Wazee wa timu ndio walimwambia mtu, "hili lipeleke mbele ya wote, lile limekwisha hapa hapa". Waliokiuka hilo ndio walioleta zile kashfa za wakwe. Na kulikuwa na kanuni moja ambayo bibi aliishika hadi kufa: unaungama cha kwako. Ukitaja la mwenzio hujaingia nuruni, umemsukuma yeye.

Yakobo 5:16 wanaisoma nusu. "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Anayesikia anadaiwa kuomba, si kupeleka habari. Na aliyesikia leo kesho ni zamu yake kusema. Mchungaji anayesikiliza dhambi za watu wote na yeye hana wa kumwambia za kwake, hapo hakuna "ninyi kwa ninyi".

Wa Kiambu

Hiyo ya mwisho iandikwe ukutani kwa ofisi ya mchungaji wetu.

KondooWa99

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimekuja kulalamikia ushuhuda wa kukariri, naondoka nikijua kwa nini watu wanakariri. Mama Upendo akisema "familia" mbele ya grupu la watu mia mbili, mimi nitaitikia amina bila kumdadisi.

MotoMadhabahuni, asante kwa kuandika ya mzee. Swali lako la wanaopenda jeraha nililifikiria. Zaburi za kulia haziruhusu hilo kirahisi kwa sababu zina la kudai: uniangalie, unijibu, uniokoe. Hata ya 88, yenye giza lote lile, inaanza kwa kumwita "Mungu wa wokovu wangu". Analalamika kwa mwenye kuhusika. Anayekuja na jeraha kila Alhamisi mara nyingi analileta kwetu, na sisi hatuna cha kufanya nalo.

Wiki hii nimezungumza na kiongozi wa jumuiya yetu. Hataki kufuta ushuhuda wa kuzunguka, anasema wazee watakasirika, na sioni haja ya kugombana nao. Amekubali mambo mawili. Mwisho wa ibada tutasoma zaburi moja nzima kwa sauti, kwa zamu, kama ilivyo, bila mtu kuifafanua, tukianza na ya 13. Na haja za maombi zitakazosemwa ndani haziendi kwenye grupu, hata kwa mafumbo, labda mwenye haja aandike mwenyewe.

Mama Upendo

Hilo la pili mkilishika kweli, niambie mko mtaa gani nije.

MotoMadhabahuni

KondooWa99, na ya 88 mtaisoma lini?

KondooWa99

Nimeipanga Novemba, baada ya siku ya kuwakumbuka marehemu. Kiongozi ameniuliza mara mbili kama lazima.

Katekista Mstaafu

Mwambie sisi katika Sala ya Kanisa tunaisali kila Ijumaa kabla ya kulala, na asubuhi tunaamka.